Kasi ya Fremu Inaposhuka kwenye Kompyuta ya Michezo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wachezaji wanaotumia kompyuta za Windows, hasa za aina mbili zinazopita sana mikononi mwa mafundi wa Afrika Mashariki: kompyuta za mezani za mtumba zilizotoka maofisini na kuongezewa kadi ya picha, na laptopu za michezo. Mpangilio unafuata njia ambayo fundi makini angeifuata, yaani kupima kwanza, kisha kurekebisha yasiyogharimu kitu, na kufikiria kununua baada ya hapo.

Kasi ya fremu ni nini hasa, na kiasi gani kinatosha?

Mwendo unaouona kwenye skrini ni mfululizo wa picha zilizotulia, na kila picha huitwa fremu. Idadi ya fremu ambazo kompyuta huchora kwa sekunde moja ndiyo kasi ya fremu, au FPS kama inavyoandikwa kwenye kona ya skrini. Ili itoe fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kukamilisha kila moja. Kwa fremu 30 inapata milisekunde 33.3, na kwa fremu 144 muda huo hupungua hadi karibu 6.9. Mchezo wa hadithi unachezeka vizuri kwa fremu 40 zilizotulia, ilhali mchezo wa ushindani kama Counter-Strike 2 huanza kupendeza kuanzia 100 kwenda juu.

Jambo linalosahaulika ni utulivu. Wastani wa fremu 80 unaokatizwa kila mara na fremu iliyochukua milisekunde 60 utakukera kuliko fremu 50 zisizoyumba. Kwa sababu hiyo programu nzuri za kupimia huonyesha pia takwimu ya asilimia 1 ya chini, ambayo ni kasi ya zile fremu zilizochelewa kuliko zote. Wastani ukiwa 80 na asilimia 1 ya chini ikawa 20, ugonjwa wako ni kukwamakwama, na tiba yake ni tofauti na ile ya kompyuta isiyo na nguvu.

Mchezo unanigandia ninapocheza mtandaoni tu. Je, hiyo nayo ni FPS?

Kwa kawaida sivyo. Ukiona adui anaruka kutoka hapa hadi pale, au risasi zako zinachelewa kuhesabiwa, huku kamera yako ikiendelea kuzunguka kwa ulaini, tatizo ni mtandao: seva iko mbali, au data inapotea njiani. Ikiwa hata ukizungusha kipanya mahali ulipo picha yenyewe inakwama, hapo ndipo tunapozungumzia fremu. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi au mchezo usiohitaji intaneti, na jibu litajitokeza ndani ya dakika mbili.

Nitajuaje kama kinachonirudisha nyuma ni kadi ya picha au prosesa?

Hili ndilo swali kuu, na watu wengi hununua vifaa kabla ya kulijibu. Anza kwa kuweka programu ya kupimia. Steam ina kihesabio chake cha fremu, Windows ina Xbox Game Bar inayofunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, na wanaotaka maelezo ya kina hutumia MSI Afterburner, ambayo licha ya jina lake hufanya kazi na kadi za kampuni nyingine pia. Cheza kwa dakika kumi hivi katika eneo lile lile linalokusumbua, ukitazama matumizi ya kadi ya picha sambamba na kasi ya fremu.

Kadi ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 95 hadi 99, basi yenyewe ndiyo kikomo, na wala hiyo si dalili ya ubovu kwa kuwa kadi imetengenezwa ifanye kazi namna hiyo. Kadi ikizubaa kwenye asilimia 50 au 60 huku fremu zikiwa chache, na wewe hukuweka kikomo chochote cha fremu, kuna kitu kinachoichelewesha, na mara nyingi kitu hicho ni prosesa. Hapa wengi hupotoka kwa kutazama matumizi ya jumla ya prosesa, wakaona asilimia 40, wakadhani ina nafasi tele. Michezo mingi huegemeza kazi yake kuu kwenye kori moja au mbili, yaani vitengo vya prosesa ambavyo kila kimoja hufanya kazi yake, na kori hizo zikishajaa, nyingine zilizokaa bure hazisaidii kitu. Unaweza kufungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, ukabofya grafu ya prosesa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuiagiza ionyeshe kila kori peke yake. Lakini kwa kuwa Windows huhamisha kazi kutoka kori hii hadi ile, hata grafu hizo zinaweza kukudanganya.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: shusha rezolusheni ya mchezo, yaani idadi ya pikseli za picha yake, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 bila kugusa mpangilio mwingine wowote. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, kwa sababu sasa inachora pikseli 921,600 badala ya 2,073,600. Fremu zikibaki pale pale, kadi haihusiki, na fedha utakayoitoa kununulia kadi kubwa zaidi itakuwa imekwenda bure.

Nimenunua kadi nzuri ya picha lakini sioni mabadiliko yoyote. Nimeuziwa mbovu?

Tazama nyuma ya kompyuta kabla ya kumrudia muuzaji. Kompyuta ya mezani huwa na matundu ya skrini mahali pawili. Yale ya juu, yaliyo jirani na matundu ya USB na ya spika, ni ya ubao mama. Yale yaliyoko chini zaidi, yamejipanga kwa mlalo kwenye bati jembamba, ni ya kadi. Kebo ikichomekwa kwenye tundu la juu, picha huchorwa na kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na kadi uliyoinunua hukaa bila kazi huku feni zake zikizunguka kama kawaida. Kosa hili hudumu kwa miezi kwa sababu Windows, video na intaneti vyote huonekana sawasawa. Ni mchezo tu unaoteseka. Wenye prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na herufi F hawawezi kukosea hivyo, kwa kuwa hazina kadi ya ndani na skrini ingebaki nyeusi.

Nina skrini ya 144 Hz, mbona mchezo unaonekana kama wa 60, au wakati mwingine 30 kamili?

Hz ni kasi ya skrini, yaani mara ngapi inabadilisha picha kwa sekunde, na Windows haiibadilishi kila mara unapochomeka skrini mpya. Ingia kwenye mipangilio ya onyesho, fungua sehemu ya mipangilio ya ziada ya onyesho, na utazame kasi iliyochaguliwa. Si ajabu kuikuta ni 60 tangu siku skrini ilipofunguliwa kwenye boksi. Ikiwa 144 haimo kabisa kwenye orodha, shuku kebo kuukuu au tundu lisiloweza kupitisha kasi hiyo, na ujaribu kebo na tundu la aina ya DisplayPort.

Fremu zikiganda kwenye namba kamili kama 30 au 60, mara nyingi V-Sync ndiyo inayohusika. Kazi yake ni kuzuia picha isikatike katikati kwa kuifanya kadi iisubiri skrini, na katika baadhi ya michezo kusubiri huko kuna gharama kubwa: kompyuta inayoweza kutoa fremu 55 kwenye skrini ya 60 Hz huikosa zamu yake, husubiri inayofuata, na hujikuta ikitoa 30. Kama skrini yako ina FreeSync au G-Sync, yaani uwezo wa skrini kuifuata kasi ya kadi, iwashe, kisha weka kikomo cha fremu tatu au nne chini ya kasi ya skrini.

Je, RAM inaweza kupunguza fremu?

Ndiyo, na kwa njia tatu. Ya kwanza ni uchache. GB 8 zilitosha kwa miaka mingi, lakini Windows, kivinjari chenye kurasa kadhaa na mchezo wa sasa kwa pamoja huzimaliza, na kompyuta ikianza kuazima nafasi kwenye diski utaona mchezo unasimama kwa nusu sekunde na kuendelea. GB 16 ndicho kiwango cha kuanzia kwa anayenunua leo.

Ya pili ni kuwa na kipande kimoja cha RAM badala ya viwili. Kipande kimoja cha DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikiwa kwenye njia mbili tofauti hupitisha GB 51.2. Kwa kompyuta isiyo na kadi ya picha ya kujitegemea, inayotegemea picha za ndani ya prosesa, tofauti hiyo huonekana bila kuhitaji kipimo, kwa sababu picha hizo hutumia RAM ile ile kama kumbukumbu yake. Kwenye ubao wenye matundu manne, vipande viwili kwa kawaida hukaa kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Mara kwa mara mtu huvikuta vimesukumwa kwenye tundu la kwanza na la pili, pengine kwa sababu ndivyo vilivyopendeza macho.

Ya tatu ni kasi. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 inaweza kuwa inakwenda kwa 2133 au 2400 mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, na kuwasha XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM ifikie kasi iliyoandikwa, au EXPO kwenye bodi za AMD zinazotumia DDR5. Kasi halisi imeandikwa kwenye ukurasa wa kumbukumbu wa Task Manager. Kompyuta nyingi za maofisini hazina mpangilio huo wa XMP, kwa hiyo usiutafute usipokuwepo.

Mchezo unaanza vizuri, lakini baada ya dakika kumi na tano fremu zinaporomoka. Kwa nini?

Joto. Prosesa na kadi za kisasa hazisubiri ziungue; zikikaribia kiwango zilichowekewa hujipunguzia kasi zenyewe. Prosesa nyingi za Intel hufanya hivyo karibu na nyuzijoto 100, nyingi za Ryzen 7000 za kompyuta za mezani zimewekewa 95, na kadi nyingi za GeForce hulenga kutovuka 83. Weka joto kwenye skrini pamoja na kasi ya prosesa kwa megahezi: ukiona joto linapanda, linagonga kiwango hicho, na megahezi zinashuka wakati huo huo, umeshapata jibu.

Wachezaji wa Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya pwani waelewe jambo moja zaidi. Kipozaji cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya joto la chumba. Huanzia hapo kwenda juu. Mpimaji wa kipozaji huko Ulaya huwa katika chumba cha nyuzijoto ishirini na kitu, nawe uko katika chumba cha 32 mwezi wa Februari, kwa hiyo namba alizozipata ziongezee takriban nyuzi kumi kabla hujaamini kwamba kompyuta yako ni mgonjwa. Kuielekeza feni ya kawaida ya nyumbani kwenye kompyuta ya mezani iliyofunguliwa ubavu si ushamba hata kidogo, ila vumbi litaingia kwa wingi zaidi.

Vumbi lenyewe hujificha. Fungua laptopu ambayo haijasafishwa tangu inunuliwe na utaona mapanga ya feni yana vumbi la kawaida tu. Lakini ukiitoa feni utakuta kati yake na mapezi ya shaba kuna utando mzito wa vumbi, nywele na nyuzi za nguo, uliojisokota kiasi cha kubanduka kwa kucha kama kipande cha blanketi. Kupuliza kutoka nje kwa blowa huusukuma tu utando huo pembeni. Feni itolewe, utando uondolewe kwa mkono, na mapezi yapigwe brashi laini. Wakati wa kupuliza, shika mapanga yasizunguke, kwa sababu upepo mkali huweza kuyazungusha kuliko uwezo wa beringi zake. Kama kompyuta ina umri wa miaka mitatu au zaidi, badilisha pia pesti ya joto, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipozaji. Ikishakauka hugeuka unga na haipitishi joto ipasavyo. Tone dogo katikati latosha.

Na laptopu isiwekwe juu ya kitanda. Matundu yake ya kuvutia hewa yako chini.

Laptopu yangu ina kadi yenye jina sawa na ya rafiki yangu, lakini yake inanishinda mbali. Inawezekanaje?

Jina la kadi ya laptopu halitoshi, kwa kuwa mtengenezaji wa laptopu huamua mwenyewe kadi ipewe wati ngapi. Nvidia wenyewe wameiorodhesha RTX 4060 ya laptopu kuanzia wati 35 hadi 115, na kati ya namba hizo mbili kuna kompyuta mbili tofauti zinazotumia jina moja. Kabla ya kununua, tafuta wati za modeli hiyo hasa.

Baada ya hapo, hakikisha unacheza ukiwa umechomeka chaja, tena chaja yake. Betri haiwezi kutoa umeme wote ambao kadi na prosesa huuhitaji, hivyo laptopu hujibana. Chaja ya wati 65 ya USB-C itaonyesha alama ya kuchaji kwenye laptopu iliyokuja na chaja ya wati 180, na mchezo utakwenda kwa kuburuzika huku wewe ukiamini kwamba umeme upo. Mwisho, laptopu nyingi zina kadi mbili, ya kuokoa umeme na ya michezo. Katika mipangilio ya picha ya Windows unaweza kuuagiza kila mchezo utumie ile yenye nguvu.

Nimeongeza kadi kwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba. Nitarajie nini?

Tarajia mengi kwa bei yake, lakini ujue mipaka yake. Kompyuta za aina ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizowahi kukaa maofisini ni imara, na pawa saplai zake nyingi ni za wati kati ya 240 na 290, tena bila waya wa ziada wa kulisha kadi. Hiyo ina maana kwamba kadi itategemea umeme wa tundu la PCIe peke yake, lile la ubao mama inamochomekwa kadi, ambalo kikomo chake ni wati 75. Kwa hiyo kadi zilizozoeleka humo ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na matoleo ya GTX 1650 yasiyo na tundu la waya. Kompyuta ikiwa ni ile nyembamba, kadi nayo lazima iwe fupi kwa kimo.

Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 inaonekana kufaa kwa sababu inatumia wati 53 tu, ila ina jambo ambalo muuzaji hawezi kukuambia: imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe 4.0. Ukiiweka kwenye bodi ya PCIe 3.0, kama zilivyo kompyuta nyingi hizi, njia hizo nne hupitisha nusu ya data, na mchezo unaojaza kumbukumbu ya kadi utaanza kukwama mahali ambapo kwenye bodi mpya usingekwama.

Prosesa nayo ina lake. Core i5-4570 ya mwaka 2013 ina kori 4 na nyuzi 4 za kazi. GTA V itakwenda, lakini michezo mipya yenye miji iliyojaa watu itaibana, na hakuna kadi itakayoiokoa. Ukipima kwa ile njia ya kushusha rezolusheni, utaliona hilo waziwazi.

Nitajuaje kama kadi ya mtumba ni ya kweli?

Omba kuiona ikiwaka, kisha fungua GPU-Z, programu ndogo isiyolipiwa. Wako wanaochukua kadi ya zamani sana na kubadilisha maandishi yake ya ndani ili Windows iitambue kwa jina la kadi mpya. GPU-Z huzikamata nyingi kati ya hizo na kutanguliza neno la onyo mbele ya jina.

Kuna udanganyifu mwingine ambao ni halali kabisa na ndio unaoniudhi zaidi. GT 1030 iliuzwa kwanza ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, halafu mwaka 2018 likaja toleo lenye DDR4 kwa jina lile lile. La kwanza hupitisha takriban GB 48 kwa sekunde, la pili takriban GB 17. Kwa macho zinafanana, kwenye mchezo hazikaribiani. Mstari wa aina ya kumbukumbu katika GPU-Z ndio utakaokuambia umeshika ipi.

Umeme wa kwetu uko chini jioni. Je, unapunguza fremu?

Kwa kompyuta ya mezani, hapana. Pawa saplai hutoa volti 12 zake, na ikishindwa huzima kompyuta nzima. Stabilaiza na UPS vina faida yake, lakini fremu hazimo.

Je, nibadilishe draiva kila zinapotoka mpya?

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Ibadilishe unapokuwa na mchezo mpya au tatizo. Draiva ya kadi ipakuliwe kwenye tovuti ya Nvidia, AMD au Intel moja kwa moja, kwa sababu ile inayoletwa na Windows Update mara nyingi ni ya nyuma. Ikiwa umehama kutoka kadi ya kampuni moja hadi nyingine, au fremu zilishuka mara tu baada ya kusasisha, ondoa mabaki ya zamani kwa programu ya Display Driver Uninstaller ukiwa umeiwasha Windows katika hali salama, kisha sakinisha upya. Kurudi kwenye draiva ya mwezi uliopita ni jambo la kawaida. Wenye kadi za Intel Arc wahakikishe Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, imewashwa kwenye BIOS. Bila hiyo kadi hizo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na bodi za zamani hazina mpangilio huo.

Nipunguze mpangilio upi kwanza ndani ya mchezo?

Inategemea jibu ulilolipata kwenye kipimo. Kadi ikiwa ndiyo iliyolemewa, anza na vivuli, miali ya mwanga inayofuatiliwa (ray tracing), mawingu na ukungu, na ulainishaji wa kingo, hasa ule uitwao MSAA. Katika GTA V, ubora wa nyasi ni mwizi anayejulikana: mjini hutamwona, ukitoka nje ya jiji kuelekea milimani fremu zinaanguka. Prosesa ikiwa ndiyo kikomo, hayo yote hayasaidii sana. Punguza wingi wa watu na magari, na umbali wa kuona.

Ubora wa maumbo ya nyuso za vitu (textures), yaani michoro inayovikwa kuta, nguo na ardhi, una tabia ya peke yake. Haupunguzi fremu hata kidogo mradi kumbukumbu ya kadi inatosha, na ikishajaa mchezo huporomoka ghafla kutoka 60 hadi fremu zisizochezeka, kwa kuwa kadi inalazimika kuchota michoro kutoka RAM ya kompyuta kupitia PCIe. Mwenye kadi ya GB 4 auweke chini au katikati kwenye michezo mipya, na anapoubadilisha auzime mchezo na kuuwasha tena.

DLSS, FSR na uzalishaji wa fremu vinafaa?

DLSS na FSR huchora mchezo kwa rezolusheni ndogo kisha huikuza picha. DLSS kwenye kiwango cha ubora, katika skrini ya 1080, huchora kwa 1280 kwa 720. DLSS inahitaji kadi za RTX. FSR, iliyoanza mwaka 2021, matoleo yake ya mwanzo hufanya kazi hata kwenye kadi za zamani za kampuni nyingine, na XeSS ya Intel nayo haibagui. Kwenye skrini ya 1440 au ya 4K navipendekeza bila kusita. Kwenye 1080 FSR huacha picha yenye ukungu, na ni hiari yako kama utavumilia.

Uzalishaji wa fremu, uliokuja na DLSS 3 mwaka 2022, ni kitu kingine. Hubuni fremu za kuingiza kati ya zile za kweli, kwa hiyo namba hupanda, lakini mchezo hauitiki amri zako kwa wepesi zaidi, na huongeza ucheleweshaji kidogo. Kwa aliye na fremu 70 unapendeza. Kwa aliye na 25 huzaa namba ya 50 yenye uzito wa 25 mkononi.

Mchezo unakwama kila ninapoingia sehemu mpya, kisha unatulia. Ni nini?

Mara nyingi ni sheda, yaani programu ndogondogo zinazoiambia kadi namna ya kuchora mwanga na nyuso, ambazo lazima zitafsiriwe kwa kadi yako hasa. Michezo mingi ya DirectX 12 huzitafsiri mara ya kwanza zinapohitajika, nawe unakwama. Mchezo ukiomba kuziandaa mwanzoni, usiukatize hata kama unachukua dakika kumi, na jua kwamba draiva mpya hulazimisha kazi hiyo irudiwe. Sababu ya pili ni diski kuu ya kizamani inayozunguka. SSD haitaongeza wastani wa fremu zako, lakini itaondoa kusimama kunakotokea mchezo unapopakia eneo linalofuata.

Kuna kitu kwenye Windows kinachokula fremu?

Vipo, ila ni vichache kuliko video za mitandaoni zinavyodai. Zima urekodi wa michezo wa nyuma ya pazia, funga kivinjari, na angalia kama mpango wa umeme haujawekwa kwenye kuokoa. Kwenye Windows 11 kuna ulinzi uitwao Memory integrity, ambao Microsoft wenyewe walieleza mwaka 2022 kwamba wachezaji wanaweza kuuzima kwa ajili ya utendaji na kuuwasha wamalizapo kucheza. Faida ni ndogo kwenye prosesa mpya, na ni ulinzi wa kweli, kwa hiyo mimi ningeuacha. Programu zinazojiita za kuongeza FPS hazina zinalolifanya ambalo hujasoma hapa, na nyingine huja na mizigo yake.

Mizigo hiyo huja pia na michezo iliyovunjwa kufuli inayosambazwa kwa flashi. Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoiita Crackonosh, iliyofichwa ndani ya nakala haramu za michezo kama GTA V na The Sims 4, ambayo ilizima ulinzi wa Windows na kuitumia kompyuta ya mtu kuchimba sarafu za kidijitali. Prosesa ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 60 wakati hukufungua kitu chochote, au feni zikinguruma ukiwa umeiacha kompyuta na kutulia ghafla unapofungua Task Manager, hifadhi mafaili yako na usakinishe Windows upya.

Nimejaribu yote haya. Nimpelekee fundi taarifa gani?

Piga picha ya skrini mchezo ukiwa unasumbua, namba za Afterburner zikiwa zinaonekana: fremu na asilimia 1 ya chini, matumizi ya kadi na ya prosesa, joto la zote mbili, megahezi zake, na kumbukumbu iliyotumika ya kadi na ya RAM. Andika jina la mchezo, rezolusheni, na kilichotokea uliposhusha hadi 720. Taja pia lini lilianza, na kilichobadilika wiki hiyo: draiva, kadi, usafishaji, au kuhamia chumba kingine. Kwa laptopu, ongeza wati zilizoandikwa kwenye chaja.